Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumeza Antibiotiki

Anza na swali linalorukwa na wengi: dawa yenyewe inahitajika? Mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Ukiimeza hapo, wanaopata kipigo ni bakteria wa tumboni wasio na kosa. Walio dhaifu wanakufa, wenye jeni za usugu, yaani zinazowawezesha kuhimili dawa, wanabaki na kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Jeni hizo hazitulii. Nyingi hubebwa na plasmidi, kipande cha DNA chenye umbo la pete kinachojitegemea nje ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria. Bakteria humvuta jirani yake kwa kijiuzi chembamba, wakishagusana nakala ya plasmidi inavuka, na mtoaji anabaki na yake. Wala si lazima wawe wa jamii moja: E. coli mpole wa utumbo wako anaweza kumgawia Klebsiella anayeleta nimonia. Pete moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa, hivyo kutumia moja kunaendeleza usugu wa zote. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza mcr-1, jeni ya usugu dhidi ya kolistini, dawa ya akiba ya mwisho. Ilikuwa kwenye plasmidi, na waliikuta kwa mifugo, nyama na wagonjwa.

Kwa hiyo, ukifika kwa daktari, mwambie kama umetumia antibiotiki miezi ya karibuni, umelazwa, au unaishi na mtu aliyekutwa na vimelea sugu. Usione ni umbea. Majibu hayo hubadilisha dawa atakayoandika. Kama ni U.T.I. inayojirudia, toa mkojo ili bakteria wake waoteshwe maabara na kutambuliwa kabla ya kidonge cha kwanza, maana hata dozi moja yaweza kuwazuia bakteria wasiote. Ila mgonjwa mwenye homa kali anayeanza kuchanganyikiwa asisubirishwe majibu. Aanzishiwe dawa hospitalini.

Uliza pia idadi ya siku, kisha uifuate. Kujiongezea siku si kinga, ni kuzidi kuwachuja bakteria. Sabuni baada ya choo haina mjadala: bakteria hawa huhama kwa mikono, hata ya mtu asiyeumwa.

Vidonge vikibaki, usimwekee jirani wala usivitupe chooni, kwani kwenye majitaka bakteria wa kila aina hukutana. Muulize mfamasia kama anavipokea.