Somo: Kushika redio kwenye marathoni ya Dodoma, kuanzia kupima njia hadi mkimbiaji wa mwisho

Mbukwenyi wakuu. Somo hili ni la mwenye leseni ya redio ya ridhaa (isiyo ya biashara) anayetaka kujitolea mbio ndefu zikija mjini. Ambaye hana leseni aanze na swali la kwanza kule chini kabla hajatoa hela dukani.

Kuna anayesema simu zinatosha. Simu inaongea na mtu mmoja. Kwenye redio, kituo kikitamka "kilomita 30 maji yanaisha", wote wanasikia kwa pamoja na gari la maji lililo jirani linageuka bila kutumwa. Lakini swali utakaloulizwa na waandaaji kuliko yote ni hili: nani bado yuko barabarani? Hatua zote hapa chini zinatafuta jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Pima njia, usiikisie

Fanya hivi wiki moja au mbili kabla. Mmoja anakaa mahali patakapokuwa kituo kikuu, tuseme Uwanja wa Jamhuri. Mwingine anaipita njia yote kwa gari, anasimama kila baada ya kilomita 2, anashuka na kuita kwa redio ya mkononi. Ashuke kweli, maana ndani ya bati la gari majibu yatakudanganya. Kituo kikuu kinampa alama 1 hadi 5. Palipopata 3 kushuka chini, weka wino mwekundu: asubuhi ya mbio kukiwa na umati, magari na spika za muziki, 3 inakuwa 1.

Kwa hesabu ya upeo, redio mbili zilizo mita 1.5 kutoka ardhini zinafikiana karibu kilomita 10. Ukipandisha antena moja hadi mita 9, unapata kama 17. Hapo tunazungumzia ardhi tupu. Nyumba zinapunguza, mwili wako unapunguza, na Dodoma ina vilima vinavyokata mawimbi kama ukuta. Dawa ya kilima ni kilima: weka mtu wa kupokezana juu, kwa mfano kwenye mgongo wa vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), awe anarudia ujumbe wa pande zisizosikiana. Kibali cha kukaa huko kiombwe mapema kwa barua. Mtu aliyesimama kilimani na antena ndefu, katika mji mkuu wa nchi, ataulizwa maswali.

Hatua ya 2: Vifaa

Redio ya mkononi ya wati 5, betri mbili zilizojaa, na kipaza sauti cha kubana begani au hedseti. Ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Ukikosa antena ndefu, kata waya wa umeme sentimita 49, menya ncha, uifunge kwenye chuma cha nje pale antena inapojifungia, kisha uuache uning'inie chini. Ncha iliyomenywa isiguse pini ya katikati. Urefu huo ni robo ya wimbi kwa bendi ya mita 2 (masafa tutakayotumia), na mara nyingi waya huo ndio unaokutoa kwenye alama 2 hadi 4.

Mbio nyingi huwekwa kiangazi, na kiangazi cha huku ni upepo na vumbi jekundu. Tundu la hedseti lizibwe kwa utepe kama halitumiki. Ukiongea, upe upepo mgongo, kipaza sauti kiwe sentimita 5 kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Ukipiga kelele sauti inakatika, ongea kawaida. Beba pia kalamu mbili, ubao wa kuandikia wenye kibanio, kofia na maji yako mwenyewe. Maji ya kituo ni ya wakimbiaji.

Hatua ya 3: Masafa na majina

Katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa sisi tuko Kanda ya 1, hivyo mita 2 ni 144 hadi 146 MHz. 145.500 ni ya kuitana, msiikalie siku nzima. Chagueni moja ya kazi, kwa mfano 145.400, na moja ya akiba, kwa mfano 145.300, kisha wote wazihifadhi kwenye redio mbele ya mratibu. Usimwambie mtu "utaweka mwenyewe nyumbani". Atakuja na toni (mlio wa chini unaofungua redio za kundi) isiyo ya kwenu.

Hewani vituo viitwe kwa mahali: "Kilomita Kumi", "Mkia" (gari la nyuma kabisa), "Kikuu" (kituo kikuu). Kitambulisho chako cha leseni, kile kinachoanza na 5H ya Tanzania, hakifutwi na majina hayo. Kitaje mwisho wa mazungumzo, na mazungumzo yakirefuka, angalau kila dakika 10.

Hatua ya 4: Saa na tarakimu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mashine za waandaaji zinaandika 10:06, wewe unasema saa nne na dakika sita, mwandishi wa logi (daftari la matukio) anaandika 4:06. Kabla ya saa sita mchana jedwali limeshavurugika. Kubalianeni saa zote hewani ziwe za mfumo wa 24, tarakimu moja moja: "moja, sifuri, sifuri, sita".

Namba za kifuani nazo zina mtego. "Nne" na "nane" hewani ni mapacha, na "sita" na "saba" zinagongana mawimbi yakiwa dhaifu. Anayepokea lazima arudie:

"Kikuu, Kilomita Thelathini. Namba moja-nane-nne ameacha mbio, yupo kwangu. Ova."
"Kilomita Thelathini, moja-nane-nne ameacha, yupo kwako. Sahihi? Ova."
"Sahihi. Ova."

Asiporudia, ujumbe haujafika. Hata kama alisema roja, yaani nimepokea.

Hatua ya 5: Asubuhi ya mbio

Uwe kwenye kituo chako saa moja kabla ya kuanza, ujiripoti, kisha unyamaze. Piga hesabu ya muda wako. Tuseme mbio zinaanza 06:00 na muda wa kikomo ni saa 6 tangu kuanza. Wa kwanza akikimbia dakika 3 na sekunde 10 kwa kilomita, atafika kilomita 30 mnamo 07:35. Anayekwenda kwa mwendo wa kikomo, dakika 8 na nusu hivi kwa kilomita, atafika 10:16. Kwa hiyo kazi yako halisi ni kati ya 07:30 na 10:20, na uzito wake uko mwishoni, jua likishapanda.

Andika kwanza, ndipo ubonye kitufe. Ukishabonya, hesabu moja kimoyomoyo kabla ya kutamka, la sivyo silabi za mwanzo zinapotea na "Kilomita Thelathini" inafika "thini".

Hatua ya 6: Mkia

Mshika redio mmoja anasafiri na gari au pikipiki ya nyuma kabisa. Yeye ndiye anayefunga vituo: hakuna anayekunja antena mpaka Mkia aseme amepita na Kikuu athibitishe. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 John Stephen Akhwari wetu aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bandeji. Mtu wa namna hiyo ndiye uliyewekwa kumsubiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Kizota: Nina redio ya Kichina, leseni sina. Si naweza kusikiliza tu, na nikiitwa nijibu?
Jibu: Hapana mkuu. Ukijibu umerusha, na kurusha bila leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) ni kosa. Njoo uwe mwandishi wa logi kando ya mwenye leseni. Kazi hiyo haina watu wa kutosha, nawe utajifunza mengi.

Wa Chamwino: Mimi nasikia wote, wao hawanisikii. Redio imekufa?
Jibu: Huenda haijafa. Angalia kwanza toni, kisha kama nguvu imewekwa chini, kisha antena kama imelegea. Mwisho betri: kupokea kunakula umeme kidogo, kurusha wati 5 kunakula zaidi ya ampea 1, kwa hiyo betri iliyochoka itapokea vizuri na kuzimika ukibonya.

Wa Area D: Betri ya 12V ya 7Ah inatosha kituo kikuu?
Jibu: Haitoshi. Redio ya gari ikirusha wati 25 chukulia ampea 6. Ukirusha sehemu moja ya kumi ya saa 6, ni 3.6Ah. Kupokea kwa nusu ampea kunaongeza 2.7. Jumla 6.3Ah, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Leta ya 18Ah au 20Ah.

Wa Msalato: Posho vipi?
Jibu: Redio ya ridhaa haifanywi kwa malipo. Fulana na chai, karibu. Mwandaaji anayetaka huduma ya kulipia akodi redio za biashara zenye leseni yake.

Wa Nkuhungu: Mkimbiaji akianguka nitaje jina ili ndugu zake wasikie?
Jibu: Usitaje kabisa. Namba, kilomita, upande wa barabara, ana fahamu au hana, anapumua au hapumui. Ugonjwa usiubashiri. Anayeongea hovyo na kuyumba juani ni dharura hata kama anasisitiza kuendelea.

Wa Ihumwa: Mtu kapanda bodaboda kaenda kwake bila kuaga. Tunamtafuta mpaka lini?
Jibu: Kikuu kinauliza kituo kimoja kimoja namba hiyo ilionekana mwisho wapi na saa ngapi. Waandaaji wanampigia simu, halafu mtu wake wa dharura aliyemwandika kwenye fomu. Mkia anarudi taratibu kutoka alipoonekana mwisho, akitazama pembezoni, chini ya miti na kwenye vibanda. Vituo viwili vya kipande hicho vinabaki hewani, wengine waende. Akipatikana nyumbani anakunywa uji, logi iandikwe saa, aliyethibitisha na kwa njia gani, ndipo masafa yafungwe.