Somo: Kukomaza tangi jipya la samaki kwa bakteria wa chupa

Wengi hununua chupa ya bakteria, wakaimimina kwenye tangi jipya, wakaweka samaki siku hiyohiyo, na wiki haijaisha samaki wanahema juu ya maji. Lawama zote zinaangukia chupa. Mara nyingine chupa inastahili, lakini mara nyingi bakteria walifika wazima, wakakosa chakula, wakakosa hewa, au wakakutana na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye maji ya bomba. Somo hili ni la namna ya kuwapokea.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yao. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki nacho huoza kikaongeza amonia. Kundi la kwanza la bakteria, akina Nitrosomonas, huigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki wengi huivumilia ikiwa ya kadiri. Tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi likiwa na makundi yote mawili ya kutosha, tunasema limekomaa. Likiachwa lijikomaze lenyewe huchukua kama wiki 4 hadi 6, kwa sababu bakteria hawa huzaana polepole mno. Chupa nzuri inaweza kulifikisha huko kwa wiki 1 au 2. Ile ahadi ya "weka samaki leo" mimi siiamini mpaka kipimo kiseme.

Kwa hiyo nunua kipimo kabla ya chupa. Kiwe cha matone, kinachopima amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha asidi ya maji: 7 ni katikati, ikishuka asidi inazidi). Bila hicho unabahatisha tu.

Hatua ya 1: Soma lebo

Bakteria wa amonia na nitriti hawatengenezi spora (mbegu ngumu za kujihifadhi), kwa hiyo hawana namna ya kujikunyata na kusubiri miaka rafuni. Chupa inayotaja Bacillus peke yake, au inayojisifu kwa "kula tope na uchafu", ina bakteria wa kuozesha. Wana kazi yao, lakini si hii. Tafuta inayotaja Nitrosomonas na Nitrospira. Vitabu vya zamani vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye mla nitriti, lakini tangu miaka ya 1990 imefahamika kwamba kwenye matangi ya maji yasiyo ya chumvi kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira.

Angalia na tarehe ya mwisho. Chupa iliyopigwa jua au kuganda barafu, iache hapohapo.

Hatua ya 2: Andaa tangi

Jaza maji, weka dawa ya kuondoa klorini, washa filta na hita. Kuyaacha maji wazi siku nzima kunaweza kuondoa klorini, ila kloramini (klorini iliyoungana na amonia) haiondoki hivyo, tumia dawa. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi. Kama una taa ya miale ya UV, izime. Ongeza jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, hata kama filta inatikisa maji vizuri, maana bakteria hawa hutumia oksijeni nyingi.

pH ikae kati ya 7 na 8. Ikishuka chini ya 6.5 wanazubaa, na karibu na 6 kazi inakaribia kusimama kabisa.

Hatua ya 3: Mimina

Tikisa chupa sawasawa, kwa sababu bakteria hutuama chini. Mimina sehemu kubwa moja kwa moja kwenye sponji au vigae vya filta, iliyobaki kwenye changarawe. Makazi yao ni kwenye nyuso za vitu, na ndani ya maji yenyewe wapo wachache sana. Kipimo cha kumimina fuata lebo. Kuzidisha hakuna madhara makubwa zaidi ya kumaliza pesa.

Hatua ya 4: Walishe

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bakteria wamefika, tangi halina samaki, kwa hiyo halina amonia. Usipoweka chakula, utakuwa umewaleta waje kufa njaa.

Njia safi kuliko zote ni kloridi ya amonia. Lengo ni miligramu 2 za amonia kwa lita. Kwa tangi la lita 100 utahitaji kama gramu 0.6 za kloridi hiyo, kwa hiyo tafuta mizani ndogo au ununue iliyokwisha kuyeyushwa yenye maelekezo ya matone. Amonia ya usafi inafaa tu ikiwa haina sabuni wala manukato: itikise, na povu likibaki juu, iache. Wapo wanaotupia chakula cha samaki kioze. Inafanya kazi, lakini hujui umeweka kiasi gani, na maji yananuka.

Usivuke miligramu 4. Amonia nyingi huwadhoofisha walewale unaotaka wakue, hasa wala nitriti.

Hatua ya 5: Pima kila siku, usikimbizane na nitriti

Amonia ndiyo hushuka kwanza, kisha nitriti inapanda na kukaa juu. Kipindi hiki huwakatisha watu tamaa, na chanzo mara nyingi ni hesabu. Kila miligramu 1 ya amonia huzaa takribani miligramu 2.7 za nitriti. Ukiweka amonia 2 leo, na 2 tena kesho kwa kuwa "imeisha", tayari una nitriti zaidi ya 10, ilhali vipimo vingi rangi yake huishia 5. Unaona rangi ileile wiki nzima, unadhani hakuna kinachoendelea.

Suluhisho: amonia ikifika sifuri, na nitriti bado iko juu, ongeza kidogo tu kila baada ya siku 2 au 3, nusu ya kile cha mwanzo. Ukitaka kujua nitriti ni kiasi gani hasa, changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 9 za maji yasiyo na nitriti, pima, kisha zidisha kwa 10. Ikiwa imepita kiasi, badilisha nusu ya maji. Bakteria wako filtani, hutawamwaga.

Hatua ya 6: Mtihani

Weka amonia miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 amonia iwe sifuri na nitriti sifuri. Rudia kesho yake. Ikifaulu mara zote mbili, badilisha maji mengi kupunguza nitrati, kisha weka samaki. Kama samaki hawajapatikana, endelea kulisha amonia kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Siku ya pili maji yamekuwa meupe, nimeharibu?

Hapana. Hao ni bakteria wa kuozesha wanaoelea, wamepata chakula wakafurika. Watapungua wenyewe baada ya siku chache. Usioshe filta, ongeza hewa tu.

Swali: Mimi samaki nimeshaweka, na amonia inasoma 1. Nifanye nini?

Badilisha nusu ya maji leo, yakiwa yameondolewa klorini na yana joto linalolingana. Punguza chakula kabisa. Mimina bakteria, kisha pima kila siku. Amonia au nitriti ikipita 0.5 badilisha maji tena. Tazama na pH, maana ndiyo inayoamua ukali wa amonia: kwenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ndiyo iko katika hali ya sumu kali, kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Nitriti ikianza kupanda, gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita 10 husaidia, kwa kuwa kloridi huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Na tafadhali usiongeze samaki mwingine mpaka vyote vitulie sifuri.

Swali: Amonia ilikuwa inashuka vizuri, sasa imegoma. Joto ni lilelile.

Pima pH. Kazi ya bakteria hawa huzalisha asidi na kumaliza kaboneti iliyomo majini. Maji yako yakiwa laini, yaani yenye kaboneti kidogo, pH huporomoka ghafla na wao wanasimama. Badilisha maji, au weka magadi kidogo ya kuokea, kijiko cha chai 1 kwa lita 100 kwanza, kisha upime tena.

Swali: Rafiki yangu ana tangi la miaka. Sponji yake si bora kuliko chupa?

Ni bora, na haina gharama. Isafirishe ikiwa imelowa maji ya tangi lake, isikauke wala isiguswe na maji ya bomba. Ubaya ni mmoja: konokono, vimelea na magonjwa ya tangi lake vinakuja pamoja nayo. Kama samaki wake wana madoa au wanajikuna kwenye mawe, chukua chupa.

Swali: Dada yenu hapa. Kila nikibadilisha maji nimimine bakteria tena? Lebo inasema hivyo.

Dada, tangi lililokomaa halihitaji. Mimina tu baada ya dawa za kuua bakteria, au ukilazimika kubadili sponji. Sponji yenyewe ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi, isipite bombani.

Swali: Umeme ukikatika?

Filta ya nje iliyofungwa ndiyo ya kuangalia. Ndani yake oksijeni huisha, bakteria wanaanza kufa na maji yanachafuka. Ikiwa imezimika kwa saa nyingi, usiiwashe tu. Ifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe, na upime amonia siku 3 mfululizo.