Uvimbe Uliojificha Nyuma ya Pua: Mwongozo kwa Aliye Ughaibuni Mwenye Mgonjwa Mwanza

Ndugu yako mtu mzima akikuambia kwa simu kwamba sikio moja limeziba kwa wiki kadhaa, au kwamba shingoni ametokwa na tezi lisilouma, usiharakishe kumtumia hela ya antibayotiki kwa mara ya tatu. Mwombe aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na amweleze pia kama kamasi yake huwa na damu, kama pua imeziba upande mmoja, au kama ameanza kuona vitu viwili viwili. Mrija unaopeleka hewa kwenye sikio la kati hufungukia sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, na kwa hiyo uvimbe mdogo wa hapo huweza kuharibu usikivu kabla mgonjwa hajahisi lolote kooni.

Si kila uvimbe wa hapo ni saratani. Kwa watoto mara nyingi ni tezi za kawaida zilizokua. Kwa wakubwa huweza kuwa kifuko cha majimaji, kifua kikuu, limfoma (saratani ya chembe za kinga za mwili) au saratani ya utando wa hapo wenyewe. Kijana wa kiume aliyebalehe, anayetokwa na damu nyingi puani, asikatwe kipande cha nyama cha kupima kabla ya kupigwa picha, kwa kuwa kuna uvimbe wa umri huo uliojaa mishipa ya damu na unaoweza kuvuja kwa kiasi cha kuhatarisha maisha.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hili: uvimbe huweza kukua chini ya utando unaofunika sehemu hiyo, na utando wenyewe ukabaki laini. Daktari akipitisha kamera puani huenda asione kasoro, na kipande cha nyama kilichochukuliwa juu juu kikarudi na majibu kwamba hakuna saratani, ilhali tezi la shingoni linaendelea kukua. Hapo ndipo familia nyingi hupumua na kurudi nyumbani, na mimi nawasihi msirudi. Ulizeni kwa heshima kama picha ya CT au MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, inahitajika, na kama kipande kingine kinaweza kuchukuliwa kwa kina zaidi, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Tezi la shingoni nalo lisikimbiliwe kukatwa. Kwa kawaida huanza kunyonywa chembe za kupima kwa sindano nyembamba, na sehemu ya nyuma ya pua ikachunguzwa.

Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa za namna hii huelekea Bugando, hospitali iliyo kilimani juu ya mji wa Mwanza, ambako matibabu ya saratani hutolewa, yakiwemo ya mionzi. Wengine hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa anayetoka Ukerewe atavuka kwa kivuko kutoka Nansio, na mionzi ya saratani hii hutolewa kwa kawaida siku 5 za wiki kwa muda wa wiki 6 hadi 7, mara nyingi pamoja na dawa za saratani. Kwa hiyo hela ya chumba karibu na hospitali, nauli ya msindikizaji na chakula laini ina uzito uleule wa hela ya dawa, kwani mdomo hukauka, koo huwasha na ugali haupiti. Meno yakaguliwe kabla ya mionzi kuanza, maana kung'oa jino baadaye huweza kuharibu mfupa wa taya.

Watu wa kandokando ya ziwa wanaufahamu uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa limfoma ya Burkitt. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe huo, kinahusishwa pia na saratani ya nyuma ya pua. Hata hivyo karibu kila mtu hukipata maishani, kwa hiyo usilipie kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba mgonjwa aliwahi kukipata ukidhani kitathibitisha saratani.

Ukitaka daktari wa huko uliko atoe maoni, omba, kwa ridhaa ya mgonjwa, picha zenyewe zikiwa kwenye CD pamoja na majibu ya patholojia, yaani ya kipimo cha kipande cha nyama, yaliyoandikwa. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haimtoshi. Uliza pia kama maabara imehifadhi kipande cha nyama kilichogandishwa kwenye nta, kwa kuwa kinaweza kupimwa upya bila mgonjwa kukatwa tena.