Kuvaa au kukaa wazi nyumbani: jinsi ya kulinda ngozi msimu wa joto

Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi masika yanapokaribia, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa zina desturi moja: mlango ukifungwa, nguo zinapungua. Baba anabaki na msuli, mama anajifunga kanga kifuani, mtoto anaachwa na pempasi tu. Kwa mgongo, kifua, mikono na miguu, hilo ni jambo zuri. Kwenye mikunjo ya mwili mambo ni tofauti, na huko kuvua kila kitu kunaweza kuleta madhara zaidi ya kuvaa.

Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Likitiririka tu, halijafanya kazi yake. Hewa ya Pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hukauka taratibu. Feni husaidia kwa kuiondoa ile hewa nzito iliyokuganda mwilini. Lakini chini ya matiti, kwapani, kinenani, chini ya kitambi na katikati ya mapaja, ngozi imelalia ngozi. Feni haifiki hapo, uwe umevaa au uko wazi. Jasho linatuama, ngozi inalainika kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua, kisha kila hatua unayopiga inaichubua. Fangasi wanataka mahali pa namna hiyo hasa.

Kwa hiyo: acha wazi panapopata hewa, weka kitambaa panapogusana.

Mwenye matiti mazito anayependa kukaa bila sidiria nyumbani achukue kanga kuukuu ya pamba, akate vipande vya kama sentimita 15 kwa 30, avikunje mara mbili kwa urefu na kuweka kimoja chini ya kila titi. Ncha ya kitambaa ibaki nje kama sentimita tano. Usiifiche, maana ndiyo inayotoa unyevu: kitambaa kinanyonya jasho ndani na kulikaushia nje. Ukikifukia chote kitaloa na kukaa kama kitambaa cha kudekia. Badilisha kila kinapolowa. Siku ya joto kali hiyo inaweza kuwa mara tatu au nne. Wenye kitambi kinachoning'inia wafanye vivyo hivyo.

Kwa wanaume, msuli mtupu bila kitu ndani unapitisha hewa vizuri ukiwa umesimama au umelala chali. Ukikaa au kutembea, mapaja yanasuguana. Bukta nyepesi ya pamba, yenye miguu inayofika katikati ya paja na lastiki isiyobana, inatenganisha ngozi na ngozi. Wanawake wanaochubuka mapaja ndani ya dera wanahitaji kitu hicho hicho, siyo taiti ya nailoni.

Tukitaja dera, angalia limetengenezwa na nini. Mengi yanayouzwa kama "pamba laini" ni poliesta, na siku hizi hata kanga zipo za hivyo. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, zishike kwa kibano juu ya sahani, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Poliesta karibu hainyonyi maji kabisa, ndiyo maana dera la aina hiyo linakuganda mgongoni huku jasho likichuruzika kwa ndani. Pamba nayo ina kasoro yake: ikishaloa, inachelewa kukauka. Fulana ya pamba iliyolowa jasho tangu saa nne asubuhi haina faida tena saa nane mchana, ivue. Na kanga mpya ikiwa bado ngumu kwa wanga wa kiwandani hainyonyi vizuri, iloweke na kuifua kwanza.

Ukirudi kutoka mihangaikoni, fuata mpangilio huu:

1. Vua nguo za nje, soksi na chupi mara moja. Usijilaze kwanza kwenye kochi "upumzike kidogo".
2. Oga kwa maji ya kawaida. Sabuni inahitajika kwapani, kinenani na miguuni. Kwingine maji yanatosha, hasa kama unaoga mara mbili tatu kwa siku. Dodoki gumu kila siku linaichubua ngozi bila sababu.
3. Jikaushe kwa kubandika taulo, siyo kusugua. Anza juu, malizia nyayo na katikati ya vidole. Fangasi wa kinena mara nyingi wametoka miguuni, na taulo ndiyo gari lao. Mwenye fangasi vidoleni awe na kitaulo cha miguu peke yake, na avae soksi kabla ya chupi ili chupi isipite kwenye vidole vyenye ugonjwa.
4. Simama mbele ya feni dakika tano, mikono juu kidogo, miguu imeachana. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote.
5. Losheni paka kwenye mikono, miguu, viwiko na magoti. Vaselini na mafuta mazito visiingie kwenye mikunjo wala shingoni msimu huu.

Sababu ya hilo la mwisho ni harara: vipele vidogo vinavyochoma kama sindano, vinavyotokea pale njia za jasho zinapoziba. Ukipaka mafuta unazidi kuziba. Tiba ni kupoza ngozi, kuikausha na kupaka losheni ya kalamaini ikiwasha. Ukikaa pakavu, kwa kawaida harara hupungua ndani ya siku chache. Kwa mtoto mchanga, pima joto kwa kugusa kisogo au kifua. Viganja na nyayo zake huweza kuwa baridi hata akiwa sawa, na hapo ndipo bibi anapoongeza kofia na blanketi. Kisogo kikiwa na jasho, punguza nguo. Pempasi ibadilishwe kila baada ya saa mbili hadi tatu, mapema zaidi akijisaidia, na kila mara umwache bila kitu kama dakika kumi juu ya kanga. Poda usimpake: vumbi lake huingia mapafuni, na likichanganyika na jasho shingoni linakuwa tope.

Kulala bila nguo hakuna ubaya kwa ngozi, ila jasho lote linahamia kwenye shuka, basi lifue angalau mara moja kwa wiki. Chandarua kiwe kipana. Sehemu ya mwili inayokigusa, mbu anaiuma kwa nje bila shida. Viti vya plastiki na makochi ya leda havifai kukaliwa kwa ngozi tupu, maana jasho linanaswa na matako na mapaja yanaota vipele. Tandika kanga.

Nguo za ndani zianikwe juani, siyo nyuma ya mlango wa chumba. Zikikauka zipigwe pasi, pamoja na mishono na lastiki. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Funza wake anaingia ngozini na kutoa kitu kama jipu lenye kitundu katikati. Umeme ukikatika na huna pasi ya mkaa, ziweke wiki mbili kabla ya kuvaa.

Madoa ya mviringo yanayowasha, yenye ukingo ulioinuka na katikati pametulia, mara nyingi ni fangasi. Paka krimu ya fangasi ya klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, uvuke ukingo kwa sentimita mbili, na uendelee wiki mbili baada ya doa kutoweka. Wengi huacha kuwasha kunapokoma, kisha mwezi unaofuata wanalalamika kwamba dawa ni feki. Epuka zile tyubu za mchanganyiko zenye betamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) ambazo muuzaji wa duka la dawa hukupa haraka. Zinatuliza muwasho siku ya pili huku fangasi wakisambaa chini kwa chini, na kinenani huacha ngozi nyembamba yenye michirizi isiyofutika.

Huko Njombe, Makete au Limuru shida ni kinyume: baridi na ukavu. Vaa fulana ya pamba chini ya sweta la sufu, na upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga.

Nenda kituo cha afya ukiona usaha, homa, au wekundu au weusi unaosambaa haraka, au dawa ikishindwa baada ya wiki mbili. Na kama fangasi wa mikunjo wanarudi kila mara ingawa unajikausha vizuri, omba upimwe sukari.