Gari la spoti lisilo na tairi la akiba: jiandae na pancha kabla hujatoka Nakuru

Fungua buti ya gari lako sasa hivi, inua zulia, uangalie chini. Katika Toyota 86, Mazda Roadster na RX-8 nyingi zilizoletwa kutoka Japani, hutakuta tairi hapo. Utakuta sponji nyeusi iliyochongwa, chupa ya dawa ya pancha na pampu ndogo ya umeme. Mara nyingi hata jeki haipo. Chupa na pampu hiyo ndiyo spea yako, na wateja wengi wanaonijia hawajawahi kuishika kwa mikono yao.

Mimi ni fundi wa matairi hapa Nakuru. Wenye magari haya huniita wakiwa tayari wamekwama, na kila mara naona kwamba kilichowakwamisha ni kitu ambacho wangekigundua nyumbani kwa dakika kumi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya uani, gari likiwa zima na jua likiwaka.

Hatua ya 1: Soma tarehe ya chupa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi hununua la miaka 6 au 7 kwa sababu ya bei. Dawa ya pancha nayo hudumu miaka michache, kwa kawaida 4 hadi 6. Piga hesabu mwenyewe. Gari likishushwa bandarini Mombasa, chupa iliyomo mara nyingi imeshapitwa na wakati, na hakuna aliyeigusa tangu itoke kiwandani.

Usiku mmoja nilipanda pikipiki hadi karibu na Sachangwan kumsaidia kijana aliyekuwa na gari jeupe la milango miwili. Alikuwa ameunganisha kila kitu sawasawa. Pampu ilinguruma, mshale wa geji ukapanda, lakini hakuna dawa iliyoingia kwenye tairi. Mpira wa chupa ulikuwa umeziba. Niliporudi na chupa ile karakana niliikata kwa kisu. Juu kulikuwa na maji meupe, na chini dawa ilikuwa imeshikana na plastiki, nzito kama uji uliolala. Lebo ilionyesha ilipitwa na wakati miaka mitatu kabla ya usiku ule.

Lebo huenda imeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile: tafuta mwaka na mwezi. Ukikuta umepita, nunua nyingine, na uhakikishe mdomo wake unaingiana na pampu yako. Usiiache mpya kwenye kiti palipo na jua. Irudishe kwenye sponji yake.

Hatua ya 2: Jaribu pampu

Washa injini, chomeka pampu kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kisha uone kama waya unafika kwenye kila gurudumu, hasa la nyuma lililo mbali na tundu. Punguza upepo kidogo kwenye tairi moja, ulijaze tena. Fyuzi ikikatika, afadhali ikatike nyumbani. Nunua mbili za ziada zenye namba ileile ya ampea.

Kibandiko cha presha kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani kimeandikwa kwa kilopaskali. 200 ni kama psi 29, 220 ni psi 32, 240 ni psi 35. Ziandike kwa peni kwenye karatasi uibandike juu ya pampu. Usiku wa mvua huko Kericho hutaki kuanza kugawanya.

Hatua ya 3: Tafuta ufunguo wa nati ya kufuli

Hapa ndipo nawaomba watu wanisikilize zaidi. Angalia nati za magurudumu. Kama kila gurudumu lina moja isiyofanana na nyingine, hiyo ni nati ya kufuli, na haifunguki bila kichwa chake maalumu, kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Magari mengi hufika hapa bila hicho kipande, au kimo na mwenye gari hajui kilipo. Tafuta ndani ya sponji, kwenye droo ya dashibodi, na kwenye mfuko wa spana.

Usipokipata, njoo kwa fundi wa tairi mchana, azitoe nati hizo polepole na kuweka za kawaida. Kuzitoa barabarani kwa nyundo na patasi huharibu rimu, na rimu ya gari la namna hii si rahisi kuipata moja peke yake.

Hatua ya 4: Jeki, ubao na spana

Gari likiwa chini kiasi hiki, tairi likiisha upepo jeki ya kawaida haiingii tena chini ya ukingo wa bodi. Dawa yake ni kipande cha ubao wa inchi mbili, upana wa tairi, kimechongwa mshazari upande mmoja. Unalisogeza gurudumu bovu taratibu hadi lipande ubao, na jeki inapata nafasi. Weka jeki kwenye sehemu iliyoimarishwa pekee, ile yenye alama ukingoni. Ukikosea, utabonyeza bodi.

Kabla ya kuinua, vuta breki ya mkono na uzuie gurudumu la upande mwingine kwa jiwe. Legeza nati wakati gurudumu bado limegusa ardhi. Usiingize mwili wako chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu, hata kwa sekunde.

Jeki hii inafaa hata kama huna spea, kwa sababu huku kwetu bodaboda iko karibu kila mahali. Unatoa gurudumu, unalilaza chini ya ukingo wa gari huku ukitafuta jiwe kubwa au gogo la kushikilia, kisha unalifunga kwenye pikipiki hadi kwa fundi wa pancha wa senta ya karibu. Mtu mmoja abaki na gari.

Hatua ya 5: Jifunze kuziba kwa kamba

Seti ya kuzibia tubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, ina kekee ya kusafishia tundu, sindano yenye jicho, kamba nyeusi au za kahawia zenye gundi, na mara nyingine kichupa cha gundi ya raba. Mwombe fundi wako tairi kuukuu la kufanyia mazoezi. Pigilia msumari, kisha:

1. Tazama msumari umeingia kwa mwelekeo gani, uuvute kwa koleo kwa mwelekeo huohuo.
2. Ingiza kekee mara moja, izungushe ukiisukuma ndani na nje mpaka ipite bila kugoma. Itahitaji nguvu kuliko unavyodhani.
3. Pitisha kamba kwenye jicho hadi katikati, paka gundi, sukuma mpaka ncha mbili za kama sentimita moja zibaki nje.
4. Chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Kamba ibaki. Kata ncha, jaza upepo, mwagia maji ya sabuni. Povu likifura, ongeza kamba ya pili.

Hii ni kwa tundu lililo kwenye uso wa tairi, pale panapokanyaga lami. Ukuta wa tairi, yaani ubavu, hauzibwi kwa kamba wala kwa dawa. Tairi za magari haya, zenye ubavu mfupi, zikigonga shimo hupasuka ubavuni, na hapo uamuzi ni mmoja tu: bredauni, yaani gari la kuvuta.

Hatua ya 6: Kwa wanaosafiri mbali

Kama unakwenda Kisumu kila mwezi kupitia Mau Summit na Kericho, kilomita kama 180, mimi ningekushauri ununue spea nyembamba ya mitumba. Toyota 86 na Subaru BRZ zina matundu 5 kwa 100 (yaani matundu 5 ya nati kwenye duara la milimita 100), sawa na Impreza nyingi. Roadster ya kuanzia 2015 ina 4 kwa 100. RX-8 na Nissan Fairlady Z (350Z) ni 5 kwa 114.3. Lakini matundu kulingana hakutoshi. Ivalishe mbele na nyuma hapohapo dukani, uizungushe kwa mkono, uone kama haigusi kalipa ya breki. Mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa.

Wenye BMW Z4 wengi wana matairi yenye ubavu mgumu yanayoweza kutembea bila upepo, kwa kawaida hadi kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Hakikisha mwenye gari wa kwanza hakuyabadilisha kwa ya kawaida. Soma maandishi ubavuni.

Hatua ya 7: Siku yenyewe ikifika

Ukihisi usukani unavuta au nyuma inayumba, usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta, toka kabisa kwenye lami. Kwenye mteremko wa Salgaa na Sachangwan malori hushuka na mizigo mizito, kwa hiyo abiria wote watoke na kusimama mbali na barabara. Washa taa za dharura, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, ongeza matawi kama tulivyozoea. Kukiwa na hatari, piga 999 au 112.

Ukiuona msumari na mahali ni salama, anza na kamba. Dawa iache ya mwisho, kwa usiku au pale tundu halionekani. Ukitumia dawa, msumari usiutoe. Tikisa chupa, jaza hadi presha ya kibandiko, endesha mara moja bila kuzidi kilomita 80 kwa saa ili dawa isambae, kisha simama baada ya dakika kama kumi upime tena. Ikiwa imeshuka chini ya kilopaskali 130, usiendelee.

Ukiita bredauni, sema wazi unataka la kubeba gari mgongoni, si la kuning'iniza. Na ile pete ya kuvutia gari inayofungwa kwenye bampa, uwe umeshaijua ilipo tangu ulipofungua buti.

Ukifika kwa fundi, kabla hajagusa tairi mwambie ndani mna dawa. Atalifungua kwa tahadhari, ataosha rimu kwa maji, ataangalia kama ubavu umesagika kwa ndani, na kama ni zima ataweka kiraka cha ndani. Kisha nunua chupa nyingine siku hiyohiyo.