Mtoto mwenye ualbino darasani: shughulikia mwanga kabla ya giza

Nafundisha darasa la tatu hapa Mafinga, na wazazi huniuliza sana: "Mwalimu, huyu usiku anaona?" Anaona. Kinachomtesa ni mwanga mkali na umbali, kwa hiyo anzia hapo.

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho, ikipungua, mwanga hauingii kupitia mboni tu. Unapenya hata kwenye duara la rangi linaloizunguka, ukatawanyika ndani ya jicho. Isitoshe, katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, sehemu tunayoitumia kusomea, haikukomaa tangu tumboni mwa mama. Ndiyo maana miwani humsaidia, lakini haimfikishi tunapoona sisi.

Saa nne asubuhi, jua likishaingia darasani, kaa mwenyewe kwenye dawati lake. Dirisha likikuchoma usoni, mhamishe, limwangazie kwa nyuma. Hakikisha pia ubao haung'ai. Hata akiwa mbele kabisa, mruhusu ainuke aufuate ubao, na mwandikie kazi yake kwa herufi kubwa za wino mzito. Akisogeza kitabu hadi puani, mwache. Haharibu macho.

Mtazame sasa anaposoma: kichwa kimelala upande, macho yanachezacheza, halafu ghafla yanatulia. Ameipata pembe inayomtuliza macho. Nakuomba, mwalimu mwenzangu, usimwambie "kaa vizuri". Ukimnyoosha shingo umemnyang'anya maandishi.

Mapumziko avae kofia ya ukingo mpana. Baridi ya Mufindi, wilaya yetu, inadanganya. Ukungu ukiondoka tu, jua la huku juu ni kali kwa ngozi na macho.

Wenzake wakimshangaa, mimi huwapeleka kwenye banda la sungura weupe wenye macho mekundu. Nao ni albino, na wengine huyumbisha kichwa kushoto na kulia kabla ya kuruka, wakipima umbali. Banda lao liwe kivulini, kwani mwanga mkali wa muda mrefu huweza kuharibu retina za wanyama wa namna hii. Mbuzi mweupe mwenye macho meusi si albino, weupe wake ni wa manyoya tu.

Jioni jua likizama, watoto wengi wenye ualbino hupata nafuu, ingawa gizani hawawazidi wenzao kuona. Hatari ni taa za malori ya mbao. Zikimpiga usoni, njia yote inapotea. Mfundishe kusimama pembeni, kutazama chini, na kusubiri lori lipite. Tochi imulike miguu yake, kamwe si uso. Kingo za ngazi zipakwe chokaa, maana kupima kina humpa shida.

Akianza kujikwaa kila giza linapoingia, hata pasipo taa ya kumpiga usoni, usiusingizie ualbino. Huenda amepungukiwa vitamini A, au ana ugonjwa mwingine wa macho. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.