Namna ya kumsimulia shogun wa mwisho wa Japani, wanafunzi wasisinzie

Walimu wenzangu wa historia hapa Dodoma, mkitaka kipindi cha Japani kiwe kitamu chukueni Tokugawa Yoshinobu, shogun (mtawala wa kijeshi aliyeongoza nchi kwa jina la mfalme) wa 15 na wa mwisho, ila msianze na kuzaliwa 1837, hapo watasinzia wote. Anza na mzee anayeendesha baiskeli, anapiga picha na kuwinda huko Shizuoka, uliza huyu nani, wakishabishana weee ndo uwaambie ukoo wake ulitawala miaka zaidi ya 260 na yeye ndo aliuachia.

Alafu tokeni nje. Weka mawe matatu chini ya mti: Kyoto kwa mfalme, Osaka jirani yake, na Edo mbali kabisa, hiyo ndo Tokyo ya leo. Kyoto mpaka Edo ni kama kilomita 500, waambie ni hapa mpaka Dar na ziada, ila kwa miguu. Simamisha mwanafunzi mmoja jiwe la Kyoto, awe shogun, na asisogee, maana Yoshinobu kipindi chote cha ushogun wake hakukanyaga ngome ya Edo, makao ya mashogun. Wengine wachache wasimamishe jiwe la Osaka, wawe askari wake.

Novemba 1867, ndani ya ngome ya Nijo hapo Kyoto, akatangaza anamrudishia madaraka mfalme Meiji, kijana wa miaka 15. Satsuma na Choshu, majimbo yaliyompinga, walishamkaba, na yeye alitegemea atabaki na sauti kubwa kwenye serikali mpya, haikuwa hivyo. Januari 1868 jeshi lake likapigwa Toba-Fushimi, karibu na Kyoto, usiku akatoroka Osaka kwa meli kwenda Edo, askari kawaacha.

Hapa usikimbie kabisa, waache wabishane. Mimi hilo la askari linaniuma mpaka leo, lakini alipofika Edo alijifungia hekaluni Ueno akakataa kupigana, Katsu Kaishu wa upande wake akaongea na Saigo Takamori, kamanda wa jeshi la mfalme, ngome ikakabidhiwa bila mji kuchomwa.

Mwaka huohuo Edo ikaitwa Tokyo, yaani mji mkuu wa mashariki, na hilo watoto wetu wanalielewa haraka, wizara wameziona zikihamia Mtumba. Ya baadaye pitia tu, 1902 Meiji huyohuyo alimpa cheo kikubwa, akafariki 1913.

Kabla kengele haijalia, wageukie wale uliowasimamisha jiwe la Osaka kama askari, waulize asubuhi ile walivyoamka shogun hayupo walijisikiaje, na usiwakatishe.